Mtu Asiyeulizwa Kabila: Sura Sahili za Kibera na Kawangware

Mchoraji wa mabango wa Kawangware, Nairobi, akiitwa na mwenye zahanati ndogo, hupewa kipande cha bati, rangi ya mafuta isiyojaa kopo, na siku moja ya kazi. Anatakiwa achore maumivu. Uso hauchori. Anapiga duara la kichwa, analilaza upande wa bega, anapinda mgongo kwa mkokoto mmoja wa brashi, kisha anaweka mkono juu ya tumbo. Macho hakuna, mdomo hakuna, vidole havihesabiki. Abiria aliyekaa dirishani ndani ya matatu ya namba 46 anampitia mtu huyo kwa mwendo wa kasi, na bado anajua kwamba anaumwa, na anaumwa wapi.

Kazi ya aina hii ikitajwa katika mazungumzo ya sanaa, mara nyingi hutajwa kwa huruma. Utasikia kwamba aliyechora hakusoma, kwamba rangi ilimwishia, kwamba angepata shule angechora vidole vyote. Mimi siikubali huruma hiyo. Inadhani usahili wa sura ni kasoro iliyoachwa na umaskini, na kwa kudhani hivyo inakosa kuona ujuzi ulio mbele yake. Kuondoa ni kazi. Anayejua kuondoa anajua pia ni nini hakiondoki, na katika mabango ya Kibera na Kawangware kisichoondoka ni mkao wa mwili: shingo, bega, mgongo, goti. Hisia imewekwa huko. Ninachotaka kufanya hapa ni kuziweka sura hizi karibu na ndugu zao wa mbali, wa Pwani, wa Mueda, wa Kampala na hata wa Ulaya, ili tuone kila mmoja wao ameondoa nini na amemwondolea nani.

Nianze na fundi mwenyewe. Bango lina sheria zake. Lazima lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, lisomwe na anayejua kusoma na asiyejua, listahimili jua na mvua ya Aprili, na lisimgharimu mwenye kibanda faida ya mwezi. Kinyozi anataka kichwa kilichonyolewa vizuri, mwenye bucha anataka ng'ombe mnene, mama wa hoteli anataka mtu mwenye kikombe mkononi na raha mwilini. Ukichora mambo hayo kwa miaka, mkono hujifunza kwamba raha iko kwenye mabega yaliyoshuka na shingo iliyonyooka, na kwamba tabasamu peke yake halimshibishi mtu. Hiyo ni elimu, na ina mtihani mkali kuliko ya darasani, maana bango lisiloeleweka halilipwi.

Katika shule hiyo ndimo walimotoka Otieno Gomba na Otieno Kota, waandikaji wa mabango wa Kibera walioanzisha kikundi cha Maasai Mbili mwaka 2001. Jina hilo walilipata mtaani. Walikuwa wakizunguka kutafuta kazi za mabango huku wamejifunga shuka za Kimaasai, na watu wakawaita hivyo. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu Otieno wawili ndani ya shuka za Kimaasai si kichekesho tu. Walipotoka kwenye mabango na kuingia kwenye michoro ya kutundikwa hawakuyatupa mabati, mbao na herufi za kazi yao ya kwanza. Mtu katika kazi za kikundi hiki mara nyingi ni kichwa kikubwa, kiwiliwili chembamba na maneno pembeni, Kiswahili na Sheng vikichanganyika.

Anayetaka ushahidi kwamba usahili huu ni uamuzi, amtazame Joseph Bertiers wa Dagoretti, jirani kabisa na Kawangware. Bertiers, aliyezaliwa mwaka 1963, naye alianza kwa kuchora mabango ya baa na bucha. Yeye akaelekea upande mwingine kabisa. Alijaza baa zake za kuchora umati wa viongozi wa dunia, walevi, mapolisi na wambea, kila mmoja na sura yake inayotambulika, hata jicho halipati pa kupumzika. Mafunzo yaleyale, mtaa mmoja na wa jirani yake, na matokeo mawili yasiyofanana. Bertiers anatueleza jamii kwa kumtaja kila mtu. Wachoraji wa sura sahili wamekataa kumtaja yeyote, na swali la kuuliza ni kwa nini.

Jibu langu liko katika majira ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Baada ya kura ya tarehe 27 Desemba, Wakenya zaidi ya elfu moja waliuawa. Kibera reli iling'olewa na soko la Toi likachomwa. Katika wiki hizo mtu aliulizwa jina lake la pili njiani, na jibu liliweza kumuua. Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera na rangi akiandika kwenye kuta, mabati na milango maneno ya Kiingereza ya kuitafuta amani ipatikane ikiwa hai, kama polisi wanavyobandika tangazo la kumsaka mtu. Aliandika kwa mamia ya mahali, na kuna kuta zilizosimama wakati za jirani zilianguka.

Ninamsoma mtu wa duara na mkokoto mmoja kwa mwanga wa siku hizo. Mtu huyo hana pua ya kubahatishia kabila, hana chale, hana kitambulisho mfukoni. Huwezi kumuuliza ametoka wapi. Anaumwa, amechoka, anamngoja mtoto, basi. Hapo ndipo zile shuka za Kimaasai za Otieno wawili zinapopata uzito. Walikuwa wameshaonyesha, miaka sita kabla ya damu, kwamba kabila linaweza kuvaliwa na kuvuliwa barabarani mchana kweupe. Na Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware nayo ilipochomwa na watu kuuawa, mabango yaliyobaki yakining'inia juu ya vibanda yalikuwa na watu ambao hakuna kundi lililoweza kudai ni wake. Sisemi kila fundi aliwaza hivyo alipochovya brashi. Nasema sura aliyoirithi kutoka kwenye bango ilikuwa tayari kuubeba mzigo huo, na mtaa uliuweka juu yake.

Sasa twende Pwani, bara ya Kilifi, kwenye vigango vya Wamijikenda. Kigango ni mti mgumu uliochongwa bapa, kichwa cha duara, mabega ya pembe, na kiwiliwili kilichojaa pembetatu ndogondogo zilizochimbwa kwa kisu. Husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, mara nyingi baada ya marehemu kuwatokea watu wa nyumba yake katika ndoto au kuwaletea maradhi, akidai asisahauliwe. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo, na watu huzungumza nacho. Kwa jicho la haraka, kigango na mtu wa bango ni ndugu wa tumbo moja: duara, wima, uso usiosema kitu.

Lakini sababu zao zinapingana. Uso wa kigango umeachwa mtupu kwa kuwa wenyewe wanamjua. Mjukuu hahitaji pua ya babu kwenye mti, maana anajua ni babu yupi, alizaliwa na nani, anapenda kuitwaje. Utupu ule umejaa jina. Mtu wa Kibera uso wake ni mtupu ili jina lisiingie. Fundi wa Kilifi anachonga kwa ajili ya ukoo mmoja unaorudi mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, na wa Kibera anachora kwa ajili ya wapita njia ambao hawakuzaliwa pamoja na huenda mwezi ujao wakahama. Umbo ni lilelile na maana zimepishana. Mhakiki anayeziita kazi zote mbili "sanaa ya Kiafrika ya sura rahisi" hajasema chochote.

Kuna jambo lingine Pwani la kuangalia, kilomita chache tu kutoka kwenye vigango. Waswahili wa mijini, kwa sababu ya dini, hawakumchonga mtu. Walichonga mlango. Huzuni na mapenzi wakayaweka kwenye ushairi, na baadaye kwenye kanga, ambako pambo halina uso lakini jina la kanga linampiga jirani bila mkono kuinuliwa. Ninaposoma maneno pembeni ya mtu wa Maasai Mbili naisikia kanga. Mwili unatoa hisia, maneno yanatoa mwelekeo wake. Sura inaonyesha uchungu, maandishi yanasema uchungu huu unamwendea nani. Ni mgawanyo wa kazi ambao mtu aliyelelewa na kanga za mama yake anauelewa bila kufundishwa, na sidhani kwamba msomaji wa Kiswahili anahitaji kuupeleka London ili uthibitishwe.

Wamakonde walichukua njia tofauti. Kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wachongaji walivuka Ruvuma kwa maelfu na kuishi Tanganyika. Miaka ya 1950 Samaki Likonkoa akafungua mtindo wa shetani, ambamo mwili unapindishwa mpaka tumbo linakuwa uso na mguu unakuwa mkono. Hapa usahili haukuja kwa kutuliza mistari, umekuja kwa kuchagua kiungo kimoja na kukikuza hadi kikameza vingine. Woga una masikio makubwa. Tamaa ina mdomo usiofungika.

Mtu aliyeifikisha lugha hii mbali zaidi ni George Lilanga, na kwa mada yetu yeye ni muhimu kuliko wote kwa sababu alichonga na kuchora pia. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi na akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kama mlinzi, na akatoka humo akiwa jina kubwa. Mashetani wake wana masikio ya kupepea, midomo mipana, vidole vichache vinene vya miguu. Wanapika, wanagombana, wanabeba ndoo, wanampeleka mgonjwa kwa daktari. Alipowahamisha kutoka kwenye mti kwenda kwenye turubai aliwapunguzia kivuli na kuwaongezea rangi, na hapo kitu kikabadilika. Kwenye mti shetani wa Kimakonde anatisha, maana ana uzito na unaweza kumzunguka. Kwenye rangi ya Lilanga shetani ni jirani. Ana shida za jirani.

Mabadiliko hayohayo utayaona Kibera na Kawangware yakienda kinyume, kutoka kwenye rangi kwenda kwenye chuma. Mafundi wa jua kali wanaookota vyuma chakavu na kuvichomelea kuwa watu wanafanya kazi na kitu kisichosamehe. Kichwa ni nati, mbavu ni springi, mikono ni nondo. Nondo haipindi kila mahali. Fundi anapata mikunjo miwili, labda mitatu, kabla chuma hakijachoka na mtu hajawa kamba. Kwa hiyo anapaswa kuamua mwili huu unavunjika wapi: shingoni, kiunoni au gotini. Akipinda shingo amepata aliyefiwa, akipinda kiuno amepata mbeba maji, akipinda goti amepata anayeomba. Mchoraji anaweza kubadili mawazo na kupaka upya. Mchomeleaji akikosea amekosea. Ndiyo maana naona sanamu nzuri za skrapu zina ukali wa hisia ambao michoro ya mtaa huohuo haifikii mara nyingi, ingawa wanunuzi huziona kama mapambo ya bustani.

Ukali wa namna hiyo umefikiwa kikamilifu Makerere. Kwenye maktaba kuu ya chuo hicho imesimama kazi ya Francis Nnaggenda, Majeruhi wa Vita, aliyoichonga miaka ya 1980 kwa gogo kubwa la mti, wakati Uganda ilikuwa bado inavuja damu. Ni mwili uliopungukiwa viungo, umepasuka, umepinda, na umesimama wima. Nnaggenda aliwahi kufundisha Nairobi kabla ya kurudi kwao. Hakutuonyesha uso wa Mganda wa kabila hili au lile, ingawa vita alivyoviomboleza vilikuwa na makabila, vyeo na majina. Alituonyesha alichobakiwa nacho mtu. Kabla yake, Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, alikuwa ameuchonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962: mwanamke aliyefungwa vitambaa mwili mzima anayemwinua mtoto juu. Mama hawezi kusogea, na furaha yote ya nchi imewekwa kwenye mikono ya mtoto. Namwona Maloba kama babu wa kweli wa yule mchoraji wa zahanati. Wote wawili walijua kwamba mkono ukiwekwa mahali pake, uso unaweza kunyamaza.

Ulaya nako kuna anayeingia katika ukoo huu. Käthe Kollwitz, Mjerumani, alimpoteza mwanawe Peter vitani Oktoba 1914. Alitaka kumchongea ukumbusho, na katika mipango ya kwanza kijana mwenyewe alikuwa amelala katikati ya wazazi wake. Miaka ikapita, na Kollwitz akawa anaondoa. Alimwondoa mtoto. Aliondoa mapambo. Kazi ilipokamilika mwaka 1932, miaka 18 tangu kifo, walibaki baba na mama tu, wamepiga magoti, kila mmoja kwenye jiwe lake. Baba amejikumbatia, mama ameinama. Sasa wako kwenye makaburi ya Vladslo, Ubelgiji. Kollwitz alisomea uchoraji, alikuwa na karatasi na mashine ya kuchapia, hakukosa rangi. Ilimchukua miaka 18 kufika kwenye mgongo uliopinda. Wanaosema mchoraji wa Kibera anachora mgongo uliopinda kwa sababu hakusoma wangemtazama Kollwitz kabla ya kuendelea.

Ulinganisho wa haki lazima uonyeshe pia mahali ambapo usahili umekufa. Mawe ya Kisii yanayochongwa Tabaka yamewahi kutoa wasanii wakubwa, akiwemo Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO jijini Paris tangu miaka ya 1970. Lakini ile familia isiyo na nyuso, watu wawili au watatu waliokumbatiana kwa mduara na kupakwa rangi, inayouzwa kwenye kila soko la watalii la Nairobi, imechongwa mara nyingi mno hata kukumbatiana kwenyewe kumekoma kuwa na joto. Hapa hakuna fundi aliyeamua kuondoa uso. Uso uliondolewa na oda. Wachongaji hawana lawama, wana karo za kulipa. Ila mhakiki anapaswa kusema kwamba hiyo si hisia tena, na hatari hiyohiyo inawanyemelea wachoraji wa Kibera sasa kwa kuwa mgeni anakuja akitaka "picha ya slamu" ya kubeba kwenye begi. Ninaiona tayari katika michoro mingine: mabati yaleyale, mtoto yuleyule, anga lilelile la rangi ya machungwa.

Mgeni mmoja alifanya jambo kubwa zaidi ya kununua. Mwaka 2009 msanii JR wa Ufaransa alifunika mapaa ya Kibera, kiasi cha mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo, zilizochapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Kuta zikabaki kama zilivyokuwa, nyumba zikaacha kuvuja. Ninaiheshimu kazi hiyo, hasa kwa sababu ya maji. Lakini inasimama upande wa pili kabisa wa hoja yangu. Macho yale yalitazama juu, yakaonekana vizuri zaidi na aliye angani. Kila uso ulikuwa wa mwanamke fulani, na nguvu yake ilitokana na kuwa fulani. Mtu wa bango anatazamana na aliye kwenye matope, kwa kimo chake, kila siku ya kazi, na anampa nafasi ya kuwa yeye. Kama ningelazimika kuchagua kazi moja kati ya hizo mbili ibaki Kibera miaka hamsini, ningechagua bango.

Na bango ndilo lisilobaki. Mwaka 2022 ulimwengu uliisifu Wajukuu, kikundi cha Mukuru kilichoufunika mlango wa jumba la maonyesho la documenta huko Kassel, Ujerumani, kwa mabati. Mabati yamekubaliwa Ujerumani. Hapa nyumbani barabara ikipanuliwa, tingatinga la serikali linapita juu ya vibanda na kwenda na michoro ya miaka ishirini bila mtu kuandika hata jina la aliyeichora. Tumeshaona matokeo ya uzembe huu. Vigango viliibwa kwa mamia kuanzia miaka ya 1970 na kuuzwa Marekani, na makumbusho ya Denver yalipokubali kurudisha 30, tatizo lilikuwa kujua kila kimoja kilitoka kwa ukoo gani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika.

Basi naomba mambo mawili, na nayaomba kwa wenye uwezo wa kuyatenda. Makumbusho ya Taifa yanunue mabango ya Kibera na Kawangware sasa, wakati mafundi wangali hai na bei yake ni ya vibandani, yayatundike kwenye ukumbi uleule wanakotundikwa wasanii wa turubai. Na wewe mwenye kinyozi, mwenye zahanati, mwenye hoteli, siku fundi anapomaliza kazi, mpe kalamu aandike nyuma ya bati jina lake, mtaa na mwaka.